Kumfundisha Mtoto Nadharia ya Muziki kwa Kuanzia Masikioni

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha watoto muziki, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa mtaani Manyatta, Kisumu, nilianzia pale ambapo vitabu vingi huanzia. Nilichora mistari mitano ubaoni, nikachora ufunguo wa G, nikawatajia watoto 22 majina ya noti, na kwa wiki tatu tukayakariri mpaka wakawa wanayataja bila kusita. Jumamosi ya nne nilimwita msichana wa Gredi ya 3 aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake wote, nikamwonyesha noti mbili, G na E, nikamwomba aziimbe. Alinitazama, akatazama ubao, kisha akasema kwa heshima, "Mwalimu, hiyo ni G na hiyo ni E." Hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba noti ni alama iliyochorwa yenye jina lake, na sikuwa nimewahi kumsikilizisha sauti ambayo alama hiyo inasimama badala yake.

Tangu siku hiyo nimefuata utaratibu mmoja, nao ndio ninaomweleza hapa mwalimu wa darasa, mwalimu wa kwaya ya watoto au mzazi mwenye mtoto wa kati ya miaka 5 na 10: sauti itangulie, jina la sauti lifuate, alama ije mwisho. Kila jambo jipya, liwe ni pigo, urefu wa noti au kupanda na kushuka kwa sauti, lipite katika hatua hizo tatu kwa mpangilio huo, na mtoto asiandike kitu ambacho hajakiimba kwa kinywa chake au kukipiga kwa mikono yake. Si wazo langu. John Curwen wa Uingereza (1816–1880) aliutetea mpangilio huo alipokuwa akieneza solfa, yaani kuimba kwa majina do, re, mi, na Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) akaufanya kuwa msingi wa elimu ya muziki shuleni katika nchi yake. Nimeujaribu kwa miaka mingi katika chumba chenye ubao mmoja, ngoma moja na paa la mabati, na sijaona sababu ya kuuacha.

Miguu na mikono

Jambo la kwanza ni pigo, yaani ule mwendo usiobadilika ulio chini ya wimbo, na jambo la pili ni mdundo, yaani urefu na ufupi wa silabi zinazopita juu ya mwendo huo. Mtoto akivichanganya viwili hivi mwanzoni, kila somo litakalofuata litamchanganya zaidi. Kwa hiyo nakusihi usiharakishe hapa hata kama wazazi wanauliza ni lini watoto wataanza kusoma noti. Mimi hutumia wiki nne.

Chagua wimbo wa mchezo ambao watoto tayari wanaujua, wa Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au Kigusii, usio na kupanda kwingi. Waimbe wakitembea kwa duara, kila hatua ikianguka kwenye pigo, huku wewe ukipiga ngoma taratibu. Wakishazoea, waambie miguu iendelee vilevile lakini mikono ianze kupiga makofi kwa kila silabi ya maneno. Wengine watasimama ghafla, wengine miguu yao itaanza kufuata mikono, na hapo ndipo somo lilipo: "Miguu ina pigo, mikono ina maneno." Gawanya darasa, nusu wawe miguu na nusu wawe mikono, kisha wabadilishane.

Mpiga nyatiti ndiye mfano bora ninaoufahamu wa jambo hili. Kinubi hicho cha Wajaluo kina nyuzi nane. Mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa kinubi, njuga za gara zikilia mguuni, wakati vidole vya mikono vinafuma wimbo na kinywa kinaimba maneno. Pigo liko mguuni na mdundo uko vidoleni, vyote kwa mtu mmoja. Ukimpata mpigaji aje darasani hata kwa nusu saa, mwombe apige mguu peke yake kwanza, kisha vidole peke yake, kisha vyote pamoja. Usipompata, toboa vifuniko vya soda kwa msumari, vipitishie waya, uwafungie watoto kwenye vifundo vya miguu. Pigo litasikika, na mtoto aliyepotea atajisikia mwenyewe bila kuonywa.

Kuna somo ambalo nilifundishwa na mvua. Alasiri za Aprili mvua ya Kisumu huangukia mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata ngoma haisikiki, na zamani nilikuwa nikiliahirisha darasa. Siku moja niliwaambia watoto waendelee kuuimba wimbo kimoyomoyo, macho yao yakiufuata mkono wangu, mpaka nitakapouinua ndipo wapige kofi moja. Kofi lilitua pamoja. Sasa tunaucheza mchezo huo hata jua likiwaka: wanaimba, nafunga ngumi, sauti inakoma lakini wimbo unaendelea vichwani, nafungua ngumi na wanaendelea kutoka pale ambapo wimbo ungekuwa umefika. Mtoto anayeweza hivyo ameshaelewa pumziko, kwamba ni kimya chenye urefu wake.

Majina ya urefu

Pigo likishakaa miguuni, zipe silabi majina. Shule zetu zimezoea majina yaliyobuniwa na Mfaransa Aimé Paris katika karne ya 19: sauti ya pigo moja ni taa, pigo lililogawanywa mara mbili ni ta-te, lililogawanywa mara nne ni ta-fa-te-fe, sauti ya mapigo mawili ni taa-aa, na pigo la kimya ni saa. Watoto wanaozungumza Kiswahili hupenda sana kwamba taa na saa ni vitu vilivyoko nyumbani kwao, na wadogo hawayasahau majina hayo kamwe.

Walimu wengi hutumia majina ya watu na miji kufundishia mdundo, nami nafanya hivyo, ila kwa uangalifu mmoja. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yala, Bondo na Sondu hukaa vizuri kabisa kwenye ta-te, kwa sababu silabi yenye mkazo ndiyo inayoangukia pigo. Kakamega ni ta-te ta-te, mapigo mawili, na silabi ya me inaangukia pigo la pili bila kulazimishwa. Lakini ukichukua Kisumu, Nakuru au Siaya ukaanza silabi ya kwanza kwenye pigo, utasikia neno limepinda. Mtoto atalitamka kama mgeni. Silabi ya Ki inataka kutangulia pigo, ndipo su itue juu yake. Nyimbo zetu nyingi za Kiswahili huanza namna hii, kwa silabi moja inayotangulia, na mwalimu asiyelitambua hilo huwafanya watoto waimbe lugha yao wenyewe vibaya. Kwa hiyo weka maneno ya silabi mbili na nne katika wiki za mwanzo, na maneno ya silabi tatu yahifadhi mpaka utakapofundisha noti tangulizi. Siku hiyo Kisumu itakufanyia kazi yote.

Jambo jingine ambalo vitabu hulichelewesha ni pigo linalogawanyika mara tatu, ta-te-ti. Vitabu vilivyoandikwa mbali na kwetu huanza na mapigo manne yaliyogawanyika mara mbili, na yale ya mara tatu huja baada ya mwaka mmoja au miwili kana kwamba ni magumu. Kwa mtoto wa magharibi mwa Kenya si magumu hata kidogo. Nyimbo nyingi za kubembeleza mtoto huenda hivyo, mapigo mawili makubwa ya kuyumba kulia na kushoto, kila moja likibeba matatu madogo; na mtoto aliyekulia karibu na ngoma za Isukuti za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ile kubwa, ya kati na ndogo zikipigwa pamoja, ameyasikia matatu hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Njia moja ya kuulinda ni kuacha kumwambia mtoto kwamba mdundo wake ni somo la baadaye. Mimi hufundisha ta-te na ta-te-ti ndani ya mwezi mmoja.

Kisha huja urefu ulioandikwa. Wengi hukata chapati au chungwa ili kuonyesha kwamba noti nzima ina nusu mbili na robo nne. Sipendi njia hiyo, kwa sababu muda hausafiri kwa duara. Mtoto anaona vipande, haoni mwendo. Huku kwetu kuna miwa. Nunua muwa ulionyooka, uukate vipande vinne vya sentimita 32 kila kimoja bila kuumenya, ili mikono isinate. Kipande cha kwanza kiache kizima: hicho ni semibrivi, mapigo manne. Cha pili kikate mara mbili upate minimu mbili za sentimita 16. Cha tatu kikate mara nne upate krocheti nne za sentimita 8, na cha nne mara nane upate kweva nane za sentimita 4. Kisu kishikwe na mtu mzima. Vipande hivyo vilazwe mezani kutoka kushoto kwenda kulia, mstari mmoja chini ya mwingine, na mtoto apitishe kidole juu ya kila mstari kwa mwendo uleule huku wenzake wakipiga pigo. Anapofika mwisho wa semibrivi, mwenzake anayepitia krocheti anakuwa amefika mwisho wa ya nne. Hilo halihitaji maelezo, wanaliona na kulisikia kwa wakati mmoja. Baada ya hapo wapange midundo yao wenyewe ya mapigo manne, waipige makofi kwa taa na ta-te, ndipo uwaonyeshe kwamba kila kipande kina alama yake. Somo likiisha, miwa inaliwa, na kwa wiki ijayo andaa vipande vya kadibodi vya urefu uleule.

Sauti ya juu ipi?

Hapa Kiswahili chenyewe kinaweka mtego. Ukimwambia mtoto "imba kwa sauti ya juu," atapaza sauti, na atakuwa sahihi, kwa maana nyumbani husikia "weka redio juu" na "shusha sauti, baba amelala." Neno juu kwake ni nguvu ya sauti. Nilipoteza miezi kabla ya kutambua kwamba watoto niliodhani hawasikii tofauti walikuwa wananitii kikamilifu. Tumia maneno ambayo wanakwaya wetu wanayo tayari: sauti nyembamba na sauti nene kwa upande mmoja, sauti kubwa na sauti ndogo kwa upande mwingine. Waimbe noti nyembamba kwa sauti ndogo, kisha noti nene kwa sauti kubwa, kisha wabadilishe. Wakishatenganisha hayo, ndipo mkono upande kwa nyembamba na kushuka kwa nene, na neno juu lipate maana yake ya kimuziki.

Chupa za soda za kioo zinasaidia. Jaza moja robo na nyingine robo tatu, uzigonge kwa kijiko: yenye maji mengi hutoa sauti nene zaidi, kwa kuwa kioo kinachotetemeka kimelemewa na maji. Kisha puliza juu ya midomo ya chupa hizohizo, na mambo yanageuka: yenye maji mengi sasa hutoa sauti nyembamba zaidi, kwa kuwa kinachotetemeka ni hewa iliyobaki, nayo ni fupi. Waache wabishane wenyewe kabla ya kuwaeleza.

Sasa solfa. Usianze na do re mi fa so la ti yote kwa mfululizo, maana mtoto ataikariri kama tarakimu na hataweza kuimba so bila kuanzia do. Anza na so na mi peke yake. Watoto wangu wengi wakiitana kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine hutumia mwendo huo hasa, silabi ya kwanza nyembamba na ya pili ikishuka. Itana nao kwa majina yao kwa so na mi, waitikie vivyo hivyo. Wiki mbili baadaye ongeza la, kisha do, kisha re. Kwa sauti hizo tano, d r m s l, wanaweza kuimba sehemu kubwa ya nyimbo za kienyeji wanazozijua, na hakuna haja ya kuharakisha fa na ti, ambazo hukaa nusu hatua tu kutoka kwa jirani zao, mi na do, na kwa hiyo hudai sikio lililozoea.

Tumia ishara za mkono za Curwen tangu siku ya kwanza. Do ni ngumi mbele ya kiuno. Re ni kiganja kilichoinama kikielekea juu. Mi ni kiganja bapa kinachotazama chini. So ni kiganja kinachokitazama kifua, kidole gumba kikiwa juu. La ni mkono unaoning'inia kutoka kwenye kifundo. Mkono upande kadiri sauti inavyopanda. Faida yake ni kwamba mwalimu anaweza kuongoza wimbo mzima bila kusema neno, na mtoto husoma sauti hewani muda mrefu kabla ya kuisoma kwenye karatasi.

Do iwe D au E iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda. Wanaume wanaofundisha, nikiwemo mimi, wana tatizo la ziada: tukiimba kwa sauti zetu za kawaida, mtoto mdogo hutufuata chini mpaka anaunguruma. Toa sauti ya kuanzia kwa filimbi, au mwombe mtoto mwenye sikio imara aanzishe.

Na mtoto ambaye haingii kwenye sauti, tafadhali, usimwambie kwamba hana sikio, wala usimwombe akae kimya ili kwaya isiharibike. Neno hilo hubaki naye hadi uzeeni. Nimekutana na wazee ambao hawajawahi kuimba hata kanisani kwa sababu ya sentensi moja ya mwalimu. Mwombe aimbe noti yoyote anayoitaka, kisha wewe uingie kwenye noti yake. Kwa mara ya kwanza atasikia sauti mbili zikiwa kitu kimoja. Kutoka hapo panda naye kidogo kidogo. Wengine huchukua wiki, wengine huchukua mihula miwili.

Mistari mitano

Kabla ya stafu, yaani ile mistari mitano ya kuandikia noti, pitia kwanza maandishi ya solfa, kwa sababu wazazi wao walio kwenye kwaya huyasoma kila wiki. Mtoto akionyeshwa | d : m | s : – | na kuambiwa kwamba nukta pacha hutenganisha mapigo na kistari hurefusha sauti iliyotangulia, ataweza kwenda nyumbani kumsomea mama yake karatasi ya kwaya, na hakuna zawadi inayomtia mtoto moyo kuliko hiyo.

Stafu ya kwanza ni kiganja cha kushoto, vidole vikielekea kando na gumba likiwa juu: vidole vitano ni mistari, mianya ni nafasi, na tunahesabu kutoka chini. Onyesha kwa kidole cha mkono wa kulia, nao waimbe. Kanuni moja inatosha kwa mwezi mzima: do ikikaa kwenye mstari, mi na so zitakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake, do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zitakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Hamisha do kila siku. Baadaye laza kamba tano sakafuni, watoto wawe noti wenyewe. Kwa kuandika, daftari la kawaida lenye mistari latosha: kolezeni mistari mitano kwa kalamu, rukeni mitatu, kolezeni mitano mingine.

Majina ya herufi yaje mwisho, pamoja na rekoda, ile filimbi ya matundu. Ufunguo wa G hujikunja kuzunguka mstari wa pili na kuupa jina hilo. Nyingine huhesabiwa kutoka hapo. Mkono wa kushoto ukae juu: gumba na kidole cha shahada hutoa B, ongeza cha kati upate A, ongeza cha pete upate G. Wapulize kama wanaotamka "tuu" mbele ya mshumaa wasiotaka kuuzima. Kila mtoto awe na rekoda yake, ioshwe kwa maji ya sabuni. Siku wanapojifunza kwamba do ikiwa C, so huwa G na mi huwa E, zionyeshe noti hizo mbili ubaoni bila kusema lolote, uwasikilize.

Katika wiki ya mwisho ya muhula kila mtoto hutunga wimbo wa vipimo vinne, yaani makundi manne ya mapigo, kwa d r m s l, na kuuandika kwenye mistari yake mitano bila kumwimbia mtu. Daftari hukabidhiwa mwenzake, ambaye huuimba kwa sauti, na mtunzi husikiliza. Ukitoka kama alivyousikia kichwani, muhula ujao anaanza fa na ti. Ukitoka tofauti, wote wawili huketi na daftari hilo moja, mmoja akiimba na mwingine akionyesha kwa mkono, mpaka waipate noti iliyopotea.